Zamu ya Mjumbe

Mtaani walimwita Mama Pini kwa sababu ulikuwa hukuti midomo yake mitupu. Akipima nguo ya mteja, pini nne au tano zilikuwa zimebanwa katikati ya midomo, vichwa nje, ncha ndani, naye akiongea kwa pembeni kama mtu anayesema siri. Wateja walizoea. Walishangaa tu jinsi mwanamke mwenye pini mdomoni anavyoweza kusema mengi kiasi kile.

Na kusema alijua. Shule aliiacha mapema akashikishwa cherehani na shangazi yake, lakini ulimi haukuhitaji shule. Mwenye nyumba aliyekataa kuziba paa kwa miaka miwili, alikaa naye nusu saa, kesho yake mafundi wakapanda na mabati. Mwalimu mkuu aliyesema darasa limejaa, alitoka ofisini mwake akibeba kiti mwenyewe. Watu walikuwa wakimfuata dukani, "Mama Pini, twende ukanisemee," naye anatundika futikamba shingoni, anakwenda.

Aliyesemewa kuliko wote alikuwa binti yake.

Binti huyo, mtoto wake wa pekee, alikuwa na kigugumizi tangu alipoanza kutamka maneno. Neno lilikuwa likimkwama kooni, macho yakimtoka, kidevu kikitetemeka, na kila aliyekuwa karibu akitazama viatu vyake. Mama hakuweza kuvumilia kuona hivyo. Mtoto akianza "Na-na-na," mama alikwisha maliza: "Anataka maji." Hospitali, dukani, shuleni, kwa ndugu. "Ana haya huyu," alikuwa akisema, akimvuta mtoto ubavuni, "niulizeni mimi." Na moyoni alijiona mama wa kupigiwa mfano. Miaka kumi na tisa ikapita hivyo.

Kisha binti akaleta mchezo nyumbani.

Aliujulia kwenye duka la fotokopi, alikokwenda kutoa nakala za vyeti. Msichana anayefanya kazi pale alikuwa akikusanya watu wa kucheza naye kila Jumamosi mchana, na walichokosa kilikuwa meza kubwa. Mama Pini alikuwa nayo, meza ya kukatia, ndefu kama kitanda, chumba cha mbele kinachotazama barabara. Akakubali kwa sababu moja tu. Mtoto wake hakuwa amewahi kuleta rafiki nyumbani.

Basi Jumamosi saa nane aliondoa vitambaa, akapangusa chaki, na wakaja. Msichana wa fotokopi, ambaye wote walimwita Msimulizi. Fundi friji, jitu la mtu lenye mikono kama makasia na kicheko cha kitoto. Na nesi mmoja mwembamba, aliyekuja na sare yake ya kazini na kusinzia kidogo kila alipopewa nafasi. Walikaa, wakatoa penseli, karatasi, na dadu ngeni za pembe nyingi, moja ina pande ishirini, inang'aa kama kipande cha sabuni ya rangi.

"Sasa ubao uko wapi?" aliuliza Mama Pini kutoka kwenye cherehani.

"Hakuna ubao, Mama," Msimulizi akajibu. "Mimi nawasimulia hadithi. Kila mmoja wao ni mtu ndani ya hadithi. Wananiambia watu wao wanafanya nini, na jambo likiwa gumu, dadu inaamua."

"Mimi ni shujaa wa rungu," fundi friji akajitambulisha.

"Mimi mwizi," nesi akasema. "Usiogope, Mama, ni hapa mezani tu."

"Na wewe, mwanangu?"

Binti akainamisha kichwa. "M-m-m..."

"Mpishi," mama akasema.

"Mjumbe," Msimulizi akasahihisha, kwa upole. "Yeye ndiye msemaji wa kundi. Ana ushawishi namba saba. Hakuna anayemfikia."

Mama Pini alidhani wanamtania mtoto wake, damu ikamchemka. Akabana pini na kukanyaga cherehani kwa nguvu, lakini masikio aliyaacha mezani.

Aliyoyasikia yalimshangaza. Siku hiyo hiyo kundi lilifika kwenye ghala la nafaka, na askari akawazuia mlangoni. "Namshindilia rungu," akasema fundi friji.

"Wewe kila kitu rungu," nesi akamjibu. "Ndivyo unavyotengeneza friji za watu?"

"Zinapona, au haziponi?"

"Yangu inalia usiku kama mgonjwa wangu wa wodi namba tatu!"

Walipomaliza kucheka, Msimulizi alimgeukia binti. "Mjumbe. Unataka nini kwake, na yeye kwa nini akukubalie?"

Binti akakwama. Mama mguu ukasimama juu ya kanyagio. Lakini pale mezani hakuna aliyetazama viatu. Msimulizi alishika penseli, akasubiri kama mtu anayesubiri maji yachemke, hana haraka, anajua yatachemka. "A-a-atufungulie," binti akasema mwishowe. "A-anamwogopa mkubwa wake. Nitamwambia mkubwa ndiye ka-katutuma."

"Inatosha. Rusha."

Dadu ikagongagonga mezani, ikasimama kwenye kumi na sita. Ukijumlisha saba, ishirini na tatu. "Askari anakupigia saluti," akasema Msimulizi, "na kukubebea mfuko!" Fundi friji akapiga meza, nesi akaamka, na binti akacheka. Mama Pini hakuwa akikijua kicheko kile. Kilikuwa kizito, cha tumboni, cha mwanamke mzima.

Wageni walipoondoka alimsindikiza Msimulizi hadi barabarani. "Nieleze. Amesema maneno mawili matatu, tena kwa shida. Mtu gani anashawishika na hayo?"

"Mama, yule fundi friji anapotaka shujaa wake ainue jiwe, mimi simwambii anyanyue meza yako. Namwuliza tu unainuaje, kisha anarusha dadu. Sasa kwa nini binti yako ahutubie ndipo Mjumbe wake ahutubie? Yeye anieleze anataka nini na mtu yule ana nini moyoni. Ufasaha ni wa Mjumbe. Uko kwenye karatasi, namba saba."

"Na ikitoka moja?"

"Amekataliwa. Kila mtu hukataliwa siku moja. Ila harudii maneno yale yale."

Mama Pini alirudi ndani akitafakari jambo hilo, na kwa miezi minne Jumamosi zilimwendea hivyo. Alishona sare, akasikiliza. Aliona binti anavyokaa wima zaidi, anavyomkatiza fundi friji, anavyobishana. Kigugumizi hakikuondoka, lakini hakikuwa tena mlango uliofungwa. Mama alifurahi. Na ndani ya furaha hiyo kulikuwa na kitu kidogo kinachochoma, ambacho hakukitaja hata kwake mwenyewe. Watu watatu wasio ndugu walikuwa wakifanya jambo ambalo yeye hakulifanya kwa miaka kumi na tisa, wala halikuonekana kuwagharimu chochote.

Hadithi ikafika darajani. Mafuriko yalikuwa yamekula kijiji, watu mia mbili wakiwa nyuma ya kundi, wazee na watoto mgongoni, na mbele yao daraja moja lenye lango la chuma. Mlinzi wake hakuwa amemruhusu mtu kupita kwa miaka kumi. Rungu halikufaa, lango lilikuwa nene. Wizi haukufaa, watu mia mbili huwezi kuwaficha mfukoni. Jumamosi ikaisha hapo. "Wiki ijayo," Msimulizi akasema, "ni zamu ya Mjumbe."

Wiki nzima binti aliandika. Aliandika akinywa chai, aliandika kitandani, na mama akipita alifunika karatasi kwa kiganja. Mama Pini, ambaye macho yake hayakupitwa na uzi uliolegea, aliona kucha zimetafunwa. Usingizi ukampaa. Itakuwaje akikwama? Itakuwaje mtoto akishindwa mbele ya watu, baada ya kupanda hivi? Alhamisi alimwambia, "Mwanangu, nikusaidie maneno?" Binti akatikisa kichwa, akatabasamu. "N-n-ninayo, Mama."

Jumamosi ikafika. Mama Pini alikuwa akitia pini kwenye pindo la gauni, tano mdomoni. Msimulizi alibadilisha sauti ikawa ya Mlinzi, kavu, imechoka. "Ninyi ni nani, na nini mnachotaka ambacho wengine hawakukitaka?"

Binti akasimama. Hakuwa amewahi kusimama. Karatasi mkononi.

"M-m-m..." Akanyamaza. Akavuta pumzi. "M-m-mi..."

Fundi friji akasubiri. Nesi, macho wazi kabisa, akasubiri. Msimulizi akasubiri. Nje lori likapita, likaisha, na bado. Kidevu cha mtoto kilianza kutetemeka namna ile ambayo mama aliijua tangu angali anamnyonyesha, na hapo akili zikamruka. Alitema pini kiganjani. Alijikuta amesimama, futikamba shingoni, chaki mkononi.

"Ewe Mlinzi!" akasema. "Sisi ni watu tuliolala njaa ili watoto wetu wafike kwako wakiwa hai! Wewe nawe ulizaliwa, ulibebwa mgongoni, kuna mwanamke aliyekuvusha mito. Leo akisimama hapa, mama yako, na mzigo kichwani, utamwambia nini? Utamwonyesha hicho chuma? Mtazame huyu mtoto anavyotetemeka mbele yako! Lango umelijenga wewe, lakini mkono wa kulifungua ulipewa na mama!"

Hata yeye hakujua yalikotoka. Kisha fundi friji akafuta jicho kwa mgongo wa mkono, "Mama mkubwa, umeniua!" na kuanza kupiga makofi, na Msimulizi, ambaye alikuwa kijana tu naye, akachukuliwa na mkondo. "Kwa maneno kama hayo," akasema, "sihitaji dadu. Lango linafunguka."

Mama Pini alikuwa akihema. Akamgeukia mwanawe, akitarajia kukumbatiwa.

Binti alikuwa ameketi. Aliikunja karatasi mara mbili, taratibu, akaisukuma dadu ya pande ishirini mpaka katikati ya meza, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuirusha.

"Hongera, Mama," akasema.

Maneno mawili. Hakukwama hata kidogo.

Jumamosi iliyofuata Mama Pini alipangusa meza saa nane kasorobo. Saa tisa ikapita. Binti alikuwa ametoka asubuhi bila kuaga. Saa kumi mteja mmoja aliyekuja kuchukua sketi akasema, kwa mazungumzo tu, "Vijana wako nimewaona karakana ya friji, wamekalia makreti, wanarusha vidude." Mama Pini akamfungia sketi yake, akasema ndiyo, wamehamia kule, kule kuna hewa.

Nyumbani hapakuwa na ugomvi, na hilo ndilo lililomtesa. Ugomvi angeujua pa kuushika. Binti alifua, alipika, alijibu. Ila alijibu kwa kichwa. Ndiyo kwa kichwa, hapana kwa kichwa, sijui kwa bega. Mama akauliza maswali marefu ili yapate jibu refu, akaambulia bega.

Karatasi aliipata kwenye kapu la vipande. Vipande vya vitambaa hakuvitupa, alivijazia mito, na siku alipokuwa akivichambua mkono wake ukagusa kitu kigumu kilichokunjwa mara mbili. Aliketi nacho muda mrefu kabla ya kukifungua. Mwandiko ulikuwa mnyoofu, wa mtoto aliyezoea kuandika kuliko kusema.

*Ninachotaka: lango. Kwa nini akubali: huyu mtu miaka kumi watu wanamfikia wakimpigia kelele, wakimwomba, wakimtisha. Hakuna aliyekaa naye. Leo nataka Mjumbe naye awe na kigugumizi. Nisiharakishe. Nitachukua muda wangu wote, na yeye itabidi asubiri, na akisubiri atakuwa ameanza kunisikiliza. Kumwambia Msimulizi: nikikwama, ni sehemu yake. Nisiingiliwe.*

Chini kabisa, kwa herufi ndogo: *Mama atakuwepo. Nataka asikie.*

Mama Pini alisoma mstari huo mpaka herufi zikaanza kuogelea. Kumbe ule mkwamo ulikuwa hotuba yenyewe. Mtoto alikuwa amesimama katikati ya hotuba yake, nzuri kuliko zote alizowahi kutoa, na yeye akapanda juu yake kwa miguu miwili.

Alichofanya baada ya hapo ni kile alichozoea. Alijifunga kitambaa vizuri kichwani, akaenda kutafuta wa kusema naye. Duka la fotokopi lilikuwa tupu. Msimulizi alikuwa akipanga rimu za karatasi, na alipomwona akaacha.

"Mama, shikamoo. Nilikuwa nataka kuja kwako, nikaogopa."

"Marahaba. Uogope nini?"

"Mimi ndiye niliyefungua lango bila dadu. Yeye angesema kidogo, angerusha, kama tunavyofanya siku zote. Nikavunja sheria yangu mwenyewe kwa sababu umesema vizuri. Nimemwomba radhi."

"Akakujibu nini?"

"Alisema sawa. Lakini Mjumbe amemtoa." Msimulizi akatazama mashine. "Sasa anacheza mpiga upinde. Hasemi. Bubu kabisa."

Mama Pini alishika ukingo wa kaunta. "Nenda ukaongee naye, mwanangu. Mwambie mama yake hakukusudia. Mwambie warudi mezani kwangu, na Mjumbe arudi. Wewe anakusikia."

Msichana akasukuma rimu kando. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "unaniomba nikusemee?"

Maneno yale yalimpata mahali pake.

"Unataka nini kwake?" Msimulizi akauliza, kama anavyouliza mezani.

"Nataka mtoto wangu aongee."

"Na yeye kwa nini akukubalie?"

Alitafuta. Mwanamke aliyemtoa mwalimu mkuu ofisini na kiti mkononi, alitafuta jibu kwenye sakafu, kwenye rimu za karatasi, kwenye mwanga wa mashine, hakuliona. Alirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima hakusalimia mtu.

Jumapili asubuhi, chai ikiwa mezani, alijaribu. Alikuwa ameandaa maneno, mazuri, yenye mpangilio. Akayaacha yote.

"Nimesoma karatasi yako," akasema. "Kapuni. Nime... mimi nili..." Akakwama. Hakuwa na kigugumizi, alikuwa hana maneno tu, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama pale. Mdomo u wazi, hakuna kinachotoka. Akamtazama binti akimwomba kwa macho, malizia basi, nisaidie, unajua ninachotaka kusema.

Binti alijua. Ilionekana usoni kwamba alijua. Lakini aliweka kikombe chini, akasubiri.

"Nilikunyang'anya," mama akasema mwishowe. "Si siku ile tu. Naomba unisamehe. Nilikuwa nataka mrudi kuchezea hapa. Nitakaa kimya, naapa."

"H-h-h..."

Mama alishika kiti kwa mikono yote miwili, chini, pasipoonekana. *Haya. Hamna shida. Hakika.* Maneno yote hayo yalimjia ulimini, yakagonga meno. Hakuyaachia.

"H-hapana, Mama." Kisha, kwa mwendo wake, huku chai ikifanya utando juu: "Ni-nimekusamehe. Lakini hapa si-sitacheza. Hata ukinyamaza n-nitakuwa nakusikia unavyonyamaza. Na wale w-watu mia mbili u-umewavusha wewe. Mi-mi-mimi sikuwavusha."

Ilikuwa kauli ndefu kuliko zote alizowahi kusikia kwa mwanawe. Mama Pini aliisikia mpaka mwisho. Hakurudia ombi lake. Alijua sheria: hurudii maneno yale yale.

Wiki ile alishona kimfuko kidogo cha kitambaa kizito cha buluu, chenye kamba ya kuvuta, ndani akatia bitana laini ili dadu zisigongane. Akakiweka kwenye ukingo wa meza ya kukatia bila kusema kitu. Jumamosi saa saba na nusu hakikuwepo.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya gauni lililotundikwa, akipima pindo, pini mdomoni. Siku hizi alizibana hata pasipokuwa na haja. Hatua za binti zikapita nyuma yake, zikafika mlangoni, zikasimama.

"Mama. L-l-l..."

Mama Pini hakugeuka haraka. Akaweka chaki chini. Mbele yake barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, mtu wa baiskeli anapita, kengele inalia. *Linda nyumba? Lete mkoba? Leo sirudi?* Kichwani alikwisha mmalizia mara tatu.

"Leo mpiga u-upinde anasema," binti akasema. "N-nitachelewa kurudi. Ana m-mengi."

Yote matatu hayakuwa yenyewe. Mama Pini akatikisa kichwa, pini zikitikisika pamoja naye. Alitaka kuuliza atasema nini, kwa nani, ametayarisha lini, na kama wataweza kumsubiri. Binti alisimama kidogo pale mlangoni, kama mtu anayempa mwenzake nafasi, kisha kimfuko cha buluu kikapotea naye kwenye kona ya karakana.

Fundi friji atasikia. Nesi atasikia, kama hajasinzia. Mama Pini alirudi kwenye pindo. Alitoa pini ya kwanza mdomoni, akaichoma kitambaani, akatoa ya pili, na zilipokwisha zote, mdomo ukiwa mtupu, hapakuwa na mtu chumbani wa kuambiwa neno.